Kupanda mti karibu na ukuta na mabomba Mombasa: mwongozo kamili

Kila masika makosa ni yale yale. Mche wa mwarobaini unachomekwa hatua moja kutoka kwenye ukuta wa ua ili usizibe njia, tena juu kabisa ya bomba la choo kwa sababu hapo udongo ni laini kuchimba. Baada ya miaka kadhaa ukuta una ufa, chemba inafurika, na mti unakatwa ukiwa ndiyo kwanza umeanza kutoa kivuli cha maana.

Jambo moja lieleweke kabla ya kushika jembe. Mzizi hautoboi bomba lililo zima, lisilo na ufa. Unafuata unyevu na hewa, basi bomba linalovuja kwenye kiungo ndilo linaloukaribisha. Ukuta nao hausukumwi na ncha ya mzizi. Unanyanyuliwa na mzizi ulionenepa chini ya msingi mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: bomba lisivuje kwanza, umbali uwe wa pili, kizuizi cha mizizi, yaani plastiki inayofukiwa kati ya mti na ukuta, kiwe cha mwisho. Wengi huanza na kizuizi, na ndiyo maana kizuizi hakiwasaidii.

## Vifaa

- Sururu, mtaimbo, koleo na karai
- Futi ya kupimia ya mita 5 au zaidi, kamba na vijiti vya kuwambia
- Chokaa ya unga ya kuchorea ardhini
- Nondo nyembamba ya mita 1, ncha yake isiwe kali
- Plastiki nzito ya kutandika mabwawa, unene wa milimita 1, upana wa sentimita 70 na urefu wa mita 4 kwa kila mti. Huuzwa kwa mita kwenye maduka ya pembejeo.
- Samadi iliyooza, madebe mawili na nusu ya lita 20 kwa kila shimo
- Makumbi ya nazi au majani makavu
- Miti miwili ya kuegemeza mche, na vipande vya tyubu ya baiskeli
- Maji yasiyo na chumvi, mitungi ya lita 20

Karatasi nyeusi nyembamba inayotandikwa chini ya zege usiinunue kwa kazi hii. Jiwe la matumbawe linaichana siku ile ile unapofukia, na mzizi hupita kwenye mchano.

## Hatua ya 1: Jua kilicho chini

Fanya kazi hii Januari au Februari, wakati wa kaskazi, ardhi ikiwa kavu. Mti wenyewe utaupanda masika yakishaingia.

Anza na majitaka. Funua chemba zote za ua wako. Ndani utaona bomba limetokea wapi na linaelekea wapi. Wamba kamba kutoka chemba moja hadi nyingine, kisha nyunyiza chokaa juu ya mstari huo. Kati ya chemba mbili bomba la majitaka hulazwa moja kwa moja, kwa hiyo mstari wako hautakuwa mbali na ukweli. Chora pia mstari kutoka chemba ya mwisho hadi tangi la septiki, na kutoka hapo hadi shimo la kufyonzea maji.

Halafu njoo kwenye maji safi. Tafuta mita, tafuta tangi la chini au la juu, uangalie bomba linazama wapi na linaibuka wapi. Hapa usiamini mstari ulionyooka, maana bomba la maji hupindishwa popote. Na penye mwamba wa matumbawe, kama Kisiwani na Nyali, fundi aliyechoka kugonga jiwe hulilaza karibu sana na uso wa ardhi. Chomeka nondo polepole kwa mkono, kila sentimita 20, bila kugonga. Plastiki hutoa sauti butu na nondo huhisi kama inateleza. Jiwe hugonga kavu.

Hatari: Nondo haichomekwi mahali ambapo huenda pana waya wa umeme. Angalia waya unatoka wapi kwenye nguzo au kisanduku cha mita. Ukiona unashuka ardhini, au ukifukua ukakuta utepe wa rangi au safu ya matofali yaliyolazwa bila sababu, acha kuchimba na uite fundi wa umeme aliyesajiliwa. Tazama na juu pia. Mti mrefu haupandwi chini ya nyaya.

Umefaulu ikiwa: ua wako una mistari ya chokaa inayoungana kutoka choo hadi shimo la mwisho, na kutoka mita hadi tangi, bila sehemu ya kukisia.

Piga picha kabla upepo haujaipeperusha chokaa. Picha hiyo itamfaa hata atakayehamia baada yako.

## Hatua ya 2: Ziba uvujaji kabla ya kupanda chochote

Hii ndiyo hatua inayorukwa, nayo ndiyo inayoamua mengine yote.

Bomba la maji safi. Siku maji yanapokuja, funga mifereji yote ya ndani na valvu ya tangi, kisha tazama mita kwa nusu saa. Ikisogea, kuna pa kuvujia kati ya mita na nyumba. Bomba la kutoka kwenye tangi lipime usiku: funga maji yanayoingia, weka alama ya chaki ya kimo cha maji kwa ndani, uangalie asubuhi kabla mtu hajatumia. Maji yakiwa yameshuka na hakuna mfereji wala sisitani ya choo inayodondosha, tafuta uvujaji chini.

Kwa mji ambao maji ya mfereji huja kwa zamu, uvujaji huu si suala la bili tu. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu na linaweza kunyonya kinacholizunguka kupitia kiungo kilicholegea. Kama hapo jirani pana bomba la majitaka lililofunguliwa na mizizi, uchafu unaingia kwenye maji ya kunywa. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusisitiza hatua hii, kuliko hata ukuta.

Bomba la majitaka. Ziba tundu la kutokea kwenye chemba ya chini kwa mfuko wa mchanga uliofungwa ndani ya plastiki. Jaza maji kwenye chemba ya juu mpaka yafike kipimo unachokiona vizuri. Yaache dakika 10 yatulie, ongeza yarudi kwenye alama, kisha ngoja nusu saa huku hakuna anayetumia choo wala bafu. Yakishuka waziwazi, kuna kiungo kinachovuja, au chemba yenyewe ina ufa. Kagua plasta ya chemba kwanza, maana ndiyo rahisi kurekebisha.

Nyumba za zamani zina mabomba ya udongo wa kuchoma, vipande vifupi vilivyoungwa kwa saruji. Kila kiungo ni mlango. Ukifukua kimoja kilichoingiliwa utaona uzi mmoja wa mzizi, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, umepenya kwenye saruji iliyomeguka. Lakini ndani ya bomba uzi huo umefumuka kuwa kishungi kizima kama ndevu za mahindi, cheupe kwenye ncha, kimejaa mafuta ya jikoni na karatasi. Kukata kishungi peke yake ni kukipogoa; kitarudi, tena kikiwa kinene zaidi. Badilisha kipande chote.

Unapobadilisha:

- Tumia bomba la plastiki la inchi 4 lililotengenezwa kwa kazi ya chini ya ardhi, na viungo viwe vichache. Upange urefu ili kiungo kisiangukie karibu na mti.
- Kwangua ncha kwa msasa, ifute ikauke, ndipo upake gundi. Gundi iliyopakwa juu ya vumbi hushika siku ya kwanza tu.
- Tandika mchanga sentimita 10 chini ya bomba na 10 juu yake. Matumbawe yana makali, na bomba lililolazwa juu ya jiwe litapasuka likikanyagwa na gari.
- Jaza maji na upime tena kabla ya kufukia.

Bomba la maji safi likilazimika kupita karibu na mti, tumia bomba la plastiki nyeusi la kuviringishwa, lisilo na kiungo, ulipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi. Siku likiharibika utalivuta bila kuukata mzizi hata mmoja.

Umefaulu ikiwa: mita haisogei, alama ya tangi haijashuka, na maji ya chemba yamebaki pale pale.

## Hatua ya 3: Chagua mti kwa nafasi uliyo nayo

Watu hufanya kinyume: mti kwanza, nafasi baadaye. Pima kutoka mahali shina litakaposimama hadi ukuta au bomba lililo karibu zaidi, ndipo usome hapa.

Mita 1 hadi 2: asumini, mhina, mkomamanga unaopogolewa, mpapai. Mizizi yake haina ubavu wa kuinua msingi.

Mita 3 hadi 4: mndimu, mlimau, mstafeli, mpera unaozuiwa urefu. Mnazi pia unakaa hapa kwa upande wa mizizi, kwa sababu mizizi yake ni mingi na myembamba, hainenepi kama ya mwembe. Tatizo la mnazi liko juu. Usiupande pale kuti au dafu litakapoangukia paa, gari, au mtoto.

Mita 5 hadi 6: mwembe mfupi wa kupachikwa.

Mita 8 hadi 10, na zaidi ukiweza: mwarobaini, mkungu, mzambarau, mvinje, mkwaju, mwembe wa kienyeji.

Mitini na mikuyu ya kila namna: mita 15, au usipande kabisa kwenye ploti ya nyumba. Hata ule mdogo mzuri wa kwenye chungu, wenye majani ya kung'aa, ukiteremshwa ardhini hubadilika tabia.

Tangi la septiki na shimo la kufyonzea maji vipe nafasi kubwa kuliko bomba: mita 3 kwa miti midogo, mita 10 kwa mikubwa. Hapo unyevu haukauki mwaka mzima, na shimo la kufyonzea limejengwa livuje, huwezi kulifunga.

Miashoki inahitaji neno la pembeni, maana siku hizi imejipanga kwenye kuta za nyumba nyingi. Umbo lake jembamba hudanganya. Shina linanenepa kama mti mwingine wowote, na ikipandwa kwa msururu kila mita moja, mizizi yake inaungana chini ya msingi. Ipe mita 3 kutoka ukutani, au panda mhina uupogoe uwe ua wa kijani.

Kuhusu mwarobaini: najua kila mtu anautaka, kwa kivuli na kwa majani. Kama ploti ni ya futi 40 kwa 80 na nyumba imejaa, haina nafasi yake. Kubalianeni na majirani mpande mmoja kwenye uwanja wa wote.

Udongo nao una usemi. Kwenye mwamba wa matumbawe mizizi haishuki. Husambaa juu na kujipenyeza kati ya mwamba na msingi, kwa hiyo ukuta huumia mapema. Kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, kama unaokutana nao upande wa Miritini na Mikindani, mti mkubwa hunyonya maji wakati wa kiangazi, udongo unasinyaa na msingi unashuka. Mvua ikirudi unavimba. Pande zote mbili, ukisitasita kati ya namba mbili chagua kubwa.

## Hatua ya 4: Chimba shimo

Kipimo cha kawaida ni sentimita 60 kwa 60, kina 60. Penye mwamba panua badala ya kuzamisha: sentimita 90 kwa 90, kina 50 kikipatikana. Mzizi unaopata nafasi ya kwenda pembeni ndio utakaoushika mti upepo wa kusi ukivuma. Shimo likiwa pana hivyo, samadi iwe madebe matano.

Udongo wa juu, ule mweusi, uweke upande mmoja. Wa chini upande wa pili. Kokoto, vipande vya saruji na plasta vitoe vyote. Saruji huzidisha chokaa, na udongo wa matumbawe tayari una chokaa ya kutosha. Kwa sababu hiyo hiyo usitie jivu. Ndimu inayogeuka majani kuwa njano huku mishipa ikibaki kijani, mara nyingi inalalamikia hilo.

Mwaga mitungi miwili ya maji ndani ya shimo. Yakiisha ndani ya saa chache, endelea. Yakibaki hadi kesho yake, vunja sakafu kwa mtaimbo ufungue nyufa, au uhamishe shimo.

Hatari: ukikutana na udongo wenye unyevu na harufu ilhali ni kiangazi, usifurahie rutuba. Umekuta bomba linalovuja. Rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 5: Weka kizuizi, kama kinahitajika

Kizuizi kinafaa pale umbali ulipopungua kidogo, tuseme mita 3 badala ya 4. Hakiwezi kuugeuza mwarobaini wa mita 2 kuwa salama.

1. Chimba mtaro kati ya mti na ukuta, sambamba na ukuta, upana wa sentimita 30 na kina cha 60 au mpaka mwamba mzima. Uwe angalau nusu mita kutoka kwenye ukuta.
2. Angalia msingi unaishia wapi. Mtaro usizame chini ya msingi. Msingi ukiwa mfupi, ishia usawa wake, tena chimba mita moja moja, tandika na ufukie kabla ya kuendelea, ukuta usije ukakulalia.
3. Simamisha plastiki ikiwa kipande kimoja, mita 2 kila upande wa shina. Ukilazimika kuunga, vipande vipandane sentimita 30 na kiungo kisiwe mkabala na shina.
4. Ukingo wa juu uache utokeze sentimita 5 juu ya ardhi. Ukiukata uwe sawa na ardhi upate kupendeza, mizizi itapanda juu yake na kuvuka.
5. Penye mwamba, kunja ukingo wa chini kuelekea mti na uukandamize kwa udongo. Nyufa za mwamba upande wa ukuta zizibe kwa chokaa na mchanga.
6. Fukia kwa tabaka, ukishindilia kila sentimita 20.

Usiuzungushie mti plastiki pande zote. Mizizi itajizungusha ndani kama iko kwenye chungu, na mti uliokua hivyo huanguka mzima.

Umefaulu ikiwa: plastiki imesimama bila mikunjo, ukingo unaonekana kutoka mwanzo hadi mwisho, na ukuta haujapata ufa mpya.

## Hatua ya 6: Panda

Subiri mvua ilowanishe ardhi, kwa kawaida Aprili. Mvua ya kwanza ya Machi huja ikapotea, usiikimbilie.

Changanya karai tatu za udongo wa juu na moja ya samadi. Chana kiriba, ule mfuko wa plastiki wa mche, ukitoe chote. Mizizi iliyojiviringa chini ya kiriba ikate kwa mkasi. Ukiiacha itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge yenyewe. Mche wenye mzizi mkuu uliopinda mfano wa ndoana usiupande, urudishe kwenye kitalu.

Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Kuzamisha ili "ushike vizuri" huozesha gamba.

Tengeneza kisahani cha kushikia maji, lakini kisiwe katikati: kielekeze upande ulio mbali na ukuta. Samadi ya kuongezea na makumbi viweke upande huo huo. Mizizi itafuata chakula, na hii inasaidia kuliko watu wanavyodhani, tena haina gharama.

Makumbi yawe unene wa sentimita 8, yasiguse shina, wala yasifike ukutani. Yakifika, mchwa watayatumia kama daraja la kuingia ndani. Funga mche kwenye miti miwili kwa tyubu, kwa kulegeza. Mwaka ukiisha, ifungue.

## Hatua ya 7: Maji

Mwezi wa kwanza baada ya kupanda, siku isipokuwa na mvua, lita 20 kila baada ya siku moja. Baadaye lita 40 mara moja kwa wiki, polepole, hadi mwisho wa kiangazi cha pili. Kunyunyizia kidogo kila jioni hulea mizizi ya juu juu, ile inayokuja kuinua vigae.

Maji ya kisima yaonje kwanza. Ukisikia chumvi, mnazi utavumilia. Mndimu na mwembe hapana. Maji ya kusuzia nguo yanafaa, yenye dawa ya kung'arisha hayafai.

## Ukaguzi

Kila mwaka kabla ya masika, funua chemba na umulike kwa tochi. Nyuzi nyeupe kwenye kiungo maana yake bado ni kazi ya siku moja. Choo kinachoguguma wakati bafu linamwaga maji, au chemba inayojaa polepole, maana yake umechelewa kidogo. Ukutani, weka alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zote mbili za ufa wowote, uone kama unasonga.

## Kama mti umeshakua

Rekebisha bomba kwanza, mti baadaye. Usimwage chumvi, dizeli wala mrututu kwenye choo kuua mizizi. Mrututu huua vijidudu vinavyofanya kazi ndani ya septiki, na mwamba wa matumbawe una matundu. Kinachozama kwako kinaweza kuibuka kwenye kisima cha jirani.

Mzizi unaosukuma ukuta usiukate karibu na shina. Shina lenye kipenyo cha sentimita 40 liachie angalau mita 2. Usikate pande mbili mwaka mmoja, na usikate Machi kuelekea kusi. Kwa ukuta wa ua kuna njia bora: bomoa kipande kilichopasuka, weka boriti ya zege inayovuka juu ya mzizi, na uache nafasi ya sentimita 10 ili mzizi unenepe bila kugusa.

Mji wa Kale, ambako kuta ni matumbawe na chokaa, adui mkubwa ni mtini unaojiotea wenyewe ukutani kutokana na kinyesi cha ndege. Ung'oe ungali na majani mawili matatu. Ukishazama usiuvute, utatoka na jiwe. Ukate, ushughulikie kisiki kila kinapochipua, kisha ziba kwa chokaa na mchanga. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na hufungia unyevu ndani.

Mti ulio nje ya geti, kwenye hifadhi ya barabara, si wako hata kama uliupanda. Kabla ya kuukata au kuupunguza mizizi, omba kibali cha kaunti, ukienda na picha za ufa na za chemba.